Boti imesogea, droni inatua majini: makosa ya aibu ya marubani wa rimoti Ziwa Nyasa

Umekodi boti Mbamba Bay, umerusha droni ukiwa humo humo ndani ya boti, unapiga picha za ufukwe. Betri inaanza kulia. Unabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, unatulia. Droni inarudi kweli, inashuka taratibu, inatua. Majini, mbali na ulipo.

Droni haijaharibika. Imetii. "Nyumbani" kwake ni ile nukta ya GPS iliyojiwekea wakati inapaa, na tangu hapo boti yako imesukumwa na mawimbi. Ziwa Nyasa kwenye kina chake kirefu linapita mita 700, kwa hiyo ikizama mbali na ufukwe, isahau.

Droni nyingi zina sehemu kwenye programu ya simu ya kuhamisha nukta hiyo iwe pale rimoti ilipo. Ihamishe kila boti inaposogea. Au irudishe kwa mkono, kitufe kile usikiguse kabisa ukiwa ziwani.

Makosa mengi ya droni na helikopta za rimoti yako hivyo hivyo: mashine imefanya ilichoambiwa, ni wewe uliyesahau ulichoiambia.

Mlima uko njiani

Ukipanda kutoka ziwani kwenda Mbinga, shida inageuka. Huku watu wanarusha droni kupiga picha za ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo kwenye miteremko, ambayo ukiyaona kutoka juu yanafanana na sega la nyuki. Picha tamu sana.

Sasa, kimo unachosoma kwenye simu hakipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Kinapimwa kutoka ulipoirushia. Umesimama bondeni, umeweka kimo cha kurudi mita 30, halafu droni imevuka kilima cha mita 80 na iko upande wa pili. Ukibonyeza kurudi nyumbani, itapanda hadi mita 30 na kuja moja kwa moja, kifua mbele, hadi kwenye kilima. Droni za bei kubwa zina vihisi vya kuona kizuizi mbele. Za bei ndogo nyingi hazina.

Kabla ya kurusha, tafuta kitu kirefu kuliko vyote hapo, kilima, mti au mnara wa simu, kisha weka kimo cha kurudi kinachokipita.

Kwenda raha, kurudi shughuli

Katikati ya mwaka, kuanzia Mei hadi Agosti hivi, upepo wa kusini-mashariki unaoitwa mwera upande wa Malawi huvuma kwa nguvu ziwani. Droni ikisukumwa nao inakwenda kama imetumwa dukani. Betri ikifika nusu unaigeuza, na hapo ndipo unagundua kwamba nusu iliyobaki haitoshi, maana sasa inapigana na upepo. Anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili urudi ukisukumwa.

Kitu kingine ni kuruka chini chini juu ya maji. Droni nyingi hujishikilia mahali pamoja kwa kamera na vihisi vya tumboni vinavyosoma ardhi. Maji yanang'aa na yanatembea, vihisi vinachanganyikiwa, droni inaanza kuyumba au kushuka yenyewe. Ile video ya kugusa mawimbi uliyoiona mtandaoni, wengi wameilipia droni nzima.

Si kwamba ziwani hakurukiki. Mwaka 2018 DHL, GIZ na kampuni ya Wingcopter walitangaza majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kama kilomita 60 kwa takriban dakika 40. Tofauti ni maandalizi.

Helikopta ya rimoti haina huruma

Droni ukiachia vidole inasimama hewani. Helikopta ya rimoti ya kawaida haikusubiri. Na kosa lake la kwanza la aibu linawapata karibu wote wanaojifunza: kushoto kugeuka kulia.

Mkia ukiwa upande wako, ukisukuma kushoto inaenda kushoto kwako. Ikigeuka ikakutazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwako. Kichwa kinajua hilo, vidole havijui. Unasahihisha, inazidi kupotea, unasahihisha zaidi, imeshachimba mchanga. Jifunze kwanza kuituliza mkia ukiwa kwako, kisha ubavu, uso baadaye kabisa.

La pili ni rimoti yenyewe. Rimoti kubwa zinahifadhi mipangilio ya ndege kadhaa. Ukiwasha ikiwa imebaki kwenye ndege nyingine, helikopta inaweza kulala ubavu kabla haijaacha ardhi. Ukiazima rimoti ya mtu, uliza kasi iko mkono upi, maana wengine wameiweka kushoto, wengine kulia.

Halafu mpangilio wa kuwasha. Rimoti kwanza, betri ya helikopta baadaye. Ukimaliza, chomoa betri kwanza, rimoti izimwe mwisho. Ukigeuza, unaweza kukuta mashine iko hai na hakuna anayeiongoza.

Hapa utani unaisha. Mapanga yenye kipenyo cha mita 1.5 yakizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha zake zinakimbia zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Septemba 2013, kijana wa miaka 19 alifariki Brooklyn, New York, baada ya kupigwa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Ufukweni kwetu, ukifungua tu begi, watoto wameshakuzunguka. Wasipokaa mbali, usiwashe.

Hata droni ndogo ina upepo wake. Mimi niliwahi kutua jirani na vichanja vya dagaa vya mama mmoja, mchanga wote ukahamia kwenye dagaa. Hakunigombeza. Alinipimia tu ndoo nzima, nikalipa.

Kibali, na ule mpaka

Droni nchini ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kanuni zake ni za mwaka 2018. Vibali vinatakiwa kabla hujarusha, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. "Sikujua" haisaidii.

Nyasa kuna la ziada. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Malawi inasema uko ufukweni upande wetu, kwa kutegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Mvutano ulipopamba moto mwaka 2012, suala lilifikishwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Kwa hiyo droni yenye kamera iliyopeperushwa kuelekea magharibi si kichekesho kwa kila anayeiona.

Mwisho, andika namba yako ya simu kwenye droni kwa maka peni. Ikiangukia shamba la kahawa la mtu huko Mbinga, utapigiwa. Ukienda kuichukua, piga hodi kwanza.