Mfumo wa cheche: pale injini inapozunguka bila kuwaka

Mjini Bunia, mkoani Ituri, mwenye gari akifika gereji hulalamika kwamba motokari yake inakataa kuwaka. Fundi anayeijua kazi haridhiki na lalamiko hilo. Atauliza: ukigeuza ufunguo, taa za dashibodi zinakuja? Demareri inapiga? Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida halafu haishiki, au imenyamaza kabisa? Majibu hutenganisha hitilafu ambazo mazungumzo ya kila siku huziweka zote chini ya kitenzi kimoja, kuwaka. Mimi naona istilahi yetu ya ufundi nayo imeyafuata mazungumzo hayo, na imekosea.

Tafsiri inayokuja kwanza ya ignition ya Kiingereza na allumage ya Kifaransa ni uwashaji, na vyombo vyake vikaitwa mfumo wa uwashaji. Kiingereza kilichukua jina lake kutoka neno la Kilatini la moto, Kifaransa kutoka ukoo wa neno la nuru. Sisi tuna kuwaka na kuwasha, na tofauti ya vitenzi hivi viwili ni kubwa: kuwaka ni tendo la kitu chenyewe, kuwasha kunadai mtendaji. Basi katika gari mtendaji ni nani? Dereva anawasha kwa ufunguo. Demareri inawasha kwa kuizungusha injini. Cheche inawasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Wote watatu wana haki ya kitenzi hicho, lakini mtaalamu anapotaja ignition katika injini ya petroli anamkusudia wa tatu tu. Ndiyo maana napendekeza tuseme mfumo wa cheche. Mwanafunzi wa ufundi akilisikia jina hilo anajua mara moja atafute nini, na hataanza kuifungua demareri.

Cheche yenyewe hupatikana hivi. Bateri ina volti 12, ambazo haziwezi kuruka hata nafasi ndogo ya hewa. Kinachoziongeza ni bobini, yenye nyaya za mizunguko miwili, mmoja wa mikunjo michache na mwingine wa maelfu ya mikunjo. Umeme ukipita katika ule wa kwanza kisha ukakatwa ghafla, ule wa pili huzaa volti 20,000 na zaidi. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo huenda kwenye bugi, kile kifaa kinachorusha cheche ndani ya silinda, na kuruka nafasi ya takriban milimita moja, muda mfupi kabla pistoni haijafika juu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila bugi hutoa cheche 25 kwa sekunde.

Majina ya gereji kama bugi na delko yana safari ndefu. Kwa Kifaransa bougie ni mshumaa, na mshumaa huo ulipewa jina la mji wa Bougie, ambao leo ni Béjaïa nchini Algeria, uliokuwa ukiuza nta ya nyuki Ulaya. Delko, kile kifaa kinachogawa umeme kwa bugi za silinda mbalimbali, ni ufupisho wa jina la kampuni ya Charles Kettering na Edward Deeds iliyoanzishwa mwaka 1909 huko Dayton, Ohio. Mfumo wao wa cheche wa kutumia bateri uliingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, na mwaka 1912 Cadillac hizo zikapata pia demareri ya umeme aliyoibuni Kettering. Kifaransa kikaligeuza jina la kampuni kuwa neno la kawaida. Upande wa Kenya na Tanzania husemwa plagi na koili badala ya bugi na bobini, na kwa kuwa vipuri vingi huingia Ituri kupitia Uganda, muuza duka wa Bunia sharti aelewe majina ya pande zote mbili. Sioni sababu ya kuyafukuza maneno haya, kwani kila moja linataja kitu kimoja bila utata. Kasoro ya uwashaji ni kwamba unataja vitu vitatu.

Turudi kwenye gari. Injini ikizunguka vizuri lakini isishike, bateri na demareri zimefanya kazi yao, na uchunguzi unahamia kwenye cheche, petroli au mgandamizo. Fundi hufungua bugi moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na shaka inaielemea cheche. Ikiwa kavu, ni bora aanze na pampu. Kisha huirudisha bugi kwenye waya au bobini yake, hukikalisha chuma chake kwenye mwili wa injini, mbali na tundu inakotoka petroli na bila kuishika kwa mkono mtupu, na mwenzake huzungusha. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ile nyembamba ya rangi ya machungwa isimdanganye mtu: katika hewa ya kawaida imeruka, lakini ndani ya silinda hewa imebanwa na volti zinazohitajika ni nyingi zaidi, hivyo huko inaweza isiruke kabisa.

Hapa ndipo pesa nyingi za wateja hupotelea. Magari mengi ya petroli ya siku hizi hayana delko. Kila silinda ina bobini yake. Gari likikataa kabisa, mtu huuziwa bobini nne mpya. Lakini bobini moja ikifa, injini ya silinda nne kwa kawaida bado huwaka, ila hutetemeka na kukosa nguvu. Nne kufa asubuhi moja ni jambo la nadra mno. Cheche ikikosekana kila mahali, tafuta kile ambacho silinda zote hukitegemea: fyuzi, waya wa kontakti, yaani swichi ya ufunguo, kompyuta isiyoutambua ufunguo, au kihisi cha mzunguko wa shafti kinachoiambia kompyuta pistoni ziko wapi. Katika magari mengi, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi usipotikisika hata kidogo demareri inapopiga, kihisi hicho ndicho cha kupimwa kwanza. Kwa magari ya zamani yenye delko, mvua za Ituri huleta ugonjwa mwingine: unyevu ukiingia chini ya kifuniko cha delko, au waya ukiwa na ufa, umeme hutorokea kwenye chuma kabla ya kufika kwenye bugi. Ukaushe, ukague nyufa gizani injini ikizungushwa, na utauona umeme ukitoroka. Pikipiki ya silinda moja haina nafuu hiyo ya bobini nyingi. Bobini yake ikifa, imekufa yote.

Malori yanayokuja kutoka Mahagi, na Land Cruiser nyingi za barabara ya Komanda, hutumia dizeli, na dizeli haina mfumo wa cheche hata kidogo. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliibana hewa hadi ikawa na joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Bado wengi huamini injini hizo zina cheche kwa sababu zina bugi, na kweli zinazo. Ila hizo ni bugi za kupasha joto. Huwa nyekundu kwa sekunde chache asubuhi ya baridi na hazirushi cheche. Zikifa, dizeli husumbua kuwaka alfajiri, halafu mchana huwaka bila shida. Fundi aliyefundishwa mfumo wa uwashaji anaweza kuiuliza dizeli cheche iko wapi. Aliyefundishwa mfumo wa cheche atakwenda moja kwa moja kwenye relei ya bugi hizo, chujio la mafuta, na hewa iliyonaswa ndani ya mabomba yake.