Vielelezo vya chui wa Unguja

Vielelezo vya chui wa Unguja ni ngozi chache zilizohifadhiwa kwa ajili ya utafiti, pamoja na mnyama mmoja aliyejazwa wa Makumbusho ya Zanzibar, Mnazi Mmoja. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama R. I. Pocock alimwainisha chui huyu kuwa nususpishi ya pekee, *Panthera pardus adersi*, kwa kuchunguza ngozi: madoa yake ni madogo, na mengi yamevunjika kuwa vitone. Jina hilo linamkumbuka Dk. W. Mansfield-Aders, mwanabiolojia aliyefanya kazi Zanzibar.

Thamani ya kielelezo ni kwamba kinaweza kuhojiwa tena. Simulizi za vijijini kuhusu chui wanaofugwa na wachawi zinatufunza mengi juu ya jamii, lakini hazipimiki. Ngozi yenye kibandiko cha mahali na tarehe humruhusu mtafiti wa leo kumsahihisha Pocock. Wapo wanaodai kuwa ukusanyaji ndio uliowamaliza wanyama. Kwa spishi yenye wanyama wachache waliobaki hoja hiyo ni nzito, ila chui huyu aliangamizwa zaidi na misako ya kuwaua iliyofuata Mapinduzi ya 1964, si na ngozi chache za makumbusho. Hata hivyo pingamizi hilo limezaa busara: nasaba za kima punju, mbega mwekundu wa msitu wa Jozani, sasa huchunguzwa kwa vinyesi vyake, bila kumwaga damu. Kilichokwisha kukusanywa nacho kitunzwe, kwani ngozi ikiliwa na wadudu, ushahidi wake haurudi.