Nyumba ya Pili: Ivunjwe au Itengenezwe?

Hapa kwetu Paje mtu akitaka kujua mambo ya dunia haendi mbali. Alasiri ikishaswaliwa, wavuvi wamerudi na kina mama wameshaanika mwani wao, watu hukaa barazani na redio huwekwa katikati. Mwezi wa Oktoba 2024 mazungumzo yalikuwa ya Kenya tu. Tarehe 17 Seneti yao ilikuwa imemwondoa madarakani Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Kijana mmoja akauliza, "Hii Seneti khasa ni kitu gani? Si wana Bunge lao? Nyumba mbili za nini?" Mwengine akadakia kwamba huo ni ulaji tu, ivunjwe. Wa tatu akasema, "Wee, sisi Wazanzibari ndio tunaoihitaji. Tungekuwa na Seneti ya Muungano, viti nusu kwa nusu, nani angetuchezea?"

Babu yangu, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini miaka ya 60, akacheka. "Wajukuu zangu, nyumba hiyo ilikuwepo na mimi nikiwepo. Ikavunjwa, na wala hatukusikia mshindo."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Vipi nyumba nzima ya kutunga sheria ivunjwe na watu wasisikie mshindo? Nikaanza kusoma, na niliyoyapata ndiyo ninayokuleteeni hapa, kwani naona kisa hiki kinatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Turudi mwaka 1963. Kenya inakaribia uhuru, na makabila madogo yana hofu ya kumezwa na makubwa. Chama chao kilikuwa KADU, na mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa mtu wa Pwani, Ronald Ngala. KADU walitaka majimbo, kila jimbo na baraza lake, na juu yake Seneti ya kuyalinda. KANU ya Jomo Kenyatta haikuyapenda hayo, lakini iliyakubali ili uhuru usichelewe. Basi Seneti ikazaliwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi.

Katika mwaka huo huo Zanzibar nayo ilikuwa na neno lake Mombasa. Mwambao wa maili kumi ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na bendera yake ikipepea Ngome ya Yesu. Tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini London, Waziri Mkuu wetu Mohamed Shamte akiwa upande mmoja na Kenyatta upande wa pili. Mwambao ukaingia Kenya, na watu wake wakaahidiwa kwamba dini yao, kadhi wao na hati zao za ardhi vitaheshimiwa. Ahadi hizo ziliandikwa wakati ambapo Katiba ya Kenya ilikuwa na majimbo na Seneti. Mtu wa Pwani aliambiwa, kwa maneno mengine: usiogope, mlangoni kuna mlinzi.

Na mlinzi huyo kwa karatasi alikuwa na nguvu hasa. Vifungu vya kawaida vya Katiba vilihitaji asilimia 75 ya kura katika kila nyumba ili vibadilishwe. Vile vya roho ya Katiba, kama vya majimbo na ardhi, vilihitaji asilimia 90 ya Seneti. Piga hesabu mwenyewe: katika watu 41, maseneta watano tu wakisema hapana, mambo yamekwisha. Watano! Hata ngalawa moja inawatosha.

Sasa tazama yaliyotokea. Hakuna aliyeivamia Seneti kwa bunduki. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe, na wajumbe wake, Ngala akiwa miongoni mwao, wakaingia KANU. Wale watano wa kusema hapana wakawa hawapo tena. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Disemba 1964 na majimbo yakaondolewa meno. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Kisha, mwishoni mwa 1966, ukaja mswada wa kuiunganisha Seneti na nyumba ya pili iwe Bunge moja, na maseneta wenyewe wakaupitisha.

Kwa nini mtu akubali kuvunja nyumba anayoishi? Jibu limo ndani ya mpango wenyewe. Yaliundwa majimbo mapya ya uchaguzi 41, idadi ile ile ya maseneta, na viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158. Juu ya hayo, uchaguzi uliotarajiwa 1968 ukasogezwa mpaka 1970. Kwa lugha ya barazani: mlinzi alipewa kiti cha kukalia, akafungua mlango. Ndiyo maana babu hakusikia mshindo. Nyumba haikubomolewa, wenyewe walihama usiku.

Wako watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba Seneti ile haikustahili kuliliwa. Taifa changa lilikuwa na skuli za kujenga na maradhi ya kutibu, na nyumba mbili za waheshimiwa ni gharama. Wala Kenya si peke yake. New Zealand iliivunja nyumba yake ya juu 1950 na inaendelea vyema. Senegal iliivunja Seneti yake 2012, serikali ikasema fedha zake ziende kwa waliokumbwa na mafuriko. Mimi hapa Paje, nikimwona mama akiinama majini kutwa nzima kwa kilo chache za mwani, siwezi kudharau hoja ya fedha. Waheshimiwa hawali hewa.

Lakini ukiacha fedha, tuulize Kenya ilipata nini. Bila majimbo na bila Seneti, madaraka yakakusanyika mkono mmoja, mpaka mwaka 1982 Katiba ikatamka kwamba chama ni kimoja tu. Wakenya walikaa na maumivu hayo muda mrefu, na walipoandika Katiba mpya na kuipigia kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, waliirudisha Seneti. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 ina maseneta 67 na Spika wao: 47 wamechaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na waliobaki ni viti vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Seneti hii mpya si malaika. Haigusi kila mswada, ila ile inayohusu kaunti, na mara nyingi Bunge huitazama kama mke mdogo. Mwaka 2013 ilibidi iende Mahakama ya Juu kudai nafasi yake katika sheria ya kugawa mapato, ikashinda. Mwaka 2020 ukaja ugomvi wa fomula ya kugawa fedha. Mapendekezo ya awali yangezipunguzia fedha kaunti kadhaa, za Pwani zikiwemo. Maseneta wakakataa kikao baada ya kikao, mpaka Septemba ikapatikana njia ambayo hakuna kaunti iliyopoteza. Siku zile, naamini, wale watano wa 1963 walirudi makaburini mwao kwa furaha. Walikuja tu wamechelewa miaka hamsini na kitu.

Na sisi je? Tangu Baraza la Kutunga Sheria la 1926 Zanzibar haijapata kuwa na nyumba ya juu. Baada ya Mapinduzi, Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria mpaka 1980 lilipoanza Baraza la Wawakilishi, nalo ni nyumba moja. Bunge la Muungano pia ni nyumba moja. Lakini ndani ya Katiba ya Muungano, ibara ya 98, kuna Seneti iliyofichwa. Mambo manane makubwa, kama kuwepo kwa Muungano wenyewe, madaraka ya Serikali ya Zanzibar na orodha ya mambo ya Muungano, hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kwa hiyo yule mwenzangu anayetaka Seneti, aelewe kwamba kufuli tunalo. Suala ni ufunguo uko kwa nani.

Mwaka 2014 tuliliona kufuli hilo likijaribiwa katika Bunge Maalumu la Katiba. Kura za Wazanzibari zilihesabiwa mbali, kama inavyotakiwa. Wajumbe wa UKAWA walikuwa wameshatoka tangu Aprili. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wa wakati ule, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu. Siku chache baadaye akaondolewa kazini. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba mlinzi akijua kusema hapana kutamgharimu kibarua chake, hata ukimjengea nyumba ya ghorofa saba hatalinda.

Basi maoni yangu, msomaji, ni haya. Kenya isiivunje tena Seneti yake. Iitengeneze, iipe meno kamili juu ya fedha za kaunti, na ipunguze posho. Na sisi tusikimbilie kuomba nyumba mpya kabla ya kuwa na wabunge wanaomwogopa mpiga kura wa Paje kuliko wanavyoiogopa afisi ya chama. Haya hayahitaji tofali hata moja, lakini ni magumu kuliko kujenga.

Nilimsomea babu makala haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hao maseneta waliohama usiku ule, kuna mtu aliyewauliza asubuhi?" Sikuwa na jibu. Nimekuachia wewe.