Transista ya MOSFET chini ya kizingiti

Utendaji wa chini ya kizingiti ni hali ambamo volteji kati ya geti na chanzo cha transista ya MOSFET haijafikia volteji ya kizingiti, ilhali mkondo mdogo wa umeme unaendelea kupita kati ya chanzo na dreni. Vitabu vya mwanzo vya elektroniki huihesabu transista ya namna hiyo kuwa imezimika. Hesabu hiyo inatosha darasani. Kizingiti, hata hivyo, ni mpaka uliowekwa na wahandisi kurahisisha kazi yao, silikoni haiujui.

Katika MOSFET ya aina ya N, geti hutenganishwa na silikoni kwa utando mwembamba wa kihami. Volteji ya geti ikipita kizingiti, elektroni hujaa chini ya utando huo na uga wa umeme huzisukuma hadi kwenye dreni. Chini ya kizingiti elektroni ni chache mno. Zile tu zilizopata nishati ya kutosha kutokana na joto ndizo huruka kizuizi kilicho upande wa chanzo, kisha husambaa zenyewe kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache. Kwa hiyo mkondo hubadilika kwa kipeo: volteji ikisogea kidogo, mkondo huzidi au kupungua mara kadhaa.

Katika joto la kawaida la chumba, lazima geti lishushwe walau milivolti 60 ili mkondo upungue mara 10. Kiwango hicho kinatokana na fizikia ya joto, wala hakuna ustadi wa kiwandani unaokishusha katika MOSFET ya kawaida. Nyingi huhitaji milivolti 70 hadi 100. Chukua transista yenye kizingiti cha milivolti 400, inayohitaji milivolti 80 kwa kila mara 10. Geti likiwa volti 0, bado hupita 1/100,000 ya mkondo wa kwenye kizingiti. Shusha kizingiti hadi milivolti 240, na uvujaji utaongezeka mara 100. Transista bilioni 1 zikivuja nanoampea 1 kila moja, ampea 1 nzima inapotea bure. Hii ni sababu kubwa ya volteji za chipu kukwama karibu na volti 1 tangu miaka ya 2000.

Watengenezaji wa saa waliuona mkondo huohuo kuwa mali. Mwaka 1977 Eric Vittoz na Jean Fellrath, watafiti wa Neuchâtel, Uswisi, walichapisha saketi zilizobuniwa makusudi kufanya kazi katika hali hii, kwa kuwa saa ya mkononi hutegemea betri ndogo kwa muda mrefu. Hapa ndipo transista hutoa ukuzaji mkubwa zaidi kwa kila ampea inayotumia. Baadaye Carver Mead wa chuo cha Caltech aliitumia hali hii kuiga neva na retina ya jicho. Gharama ya hali hii ni mwendo wa polepole na ulinganifu mbaya: katika mfano wetu, vizingiti vya transista mbili vikitofautiana milivolti 8 tu, mikondo yake hutofautiana kwa takriban robo.

Kwa fundi, karatasi ya data ya MOSFET ya nguvu kama IRFZ44N hutaja kizingiti cha volti 2 hadi 4, kilichopimwa mkondo ukiwa tayari mikroampea 250. Kwa hiyo anayetaka kuizima aliunganishe geti na chanzo kwa rezista ili lishuke hadi volti 0, asiliache likielea.