Kutoka Kitandani hadi Njiani: Historia ya Utengamao wa Majeruhi wa Ugwe wa Mgongo na Maana Yake kwa Lugarawa

Historia ya matibabu ya ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, aghalabu husimuliwa kama historia ya upasuaji na mitambo. Insha hii inadai kuwa kurejea kwa mwendo kulitanguliwa na uuguzi wa kila siku, na kwamba dai hilo lina uzito wa pekee kwa jamii za milimani kama Lugarawa, wilayani Ludewa, katika Mkoa wa Njombe.

Waraka wa tiba wa Misri ya kale, ulionakiliwa takriban mwaka 1600 Kabla ya Kristo, uliliweka jeraha hili miongoni mwa yasiyotibika. Hukumu hiyo ilidumu kwa karne nyingi, kwa kuwa wagonjwa wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Mageuzi makubwa yalianza tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alipofungua kitengo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ngozi na kibofu vitunzwe kwa uangalifu. Waliosalimika walifundishwa kuketi, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kisha kufanya kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, wanamichezo 16 walishindana kutupa mishale kwa upinde hospitalini hapo. Kutokana na mashindano hayo ilichipuka michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Mageuzi hayo yalibadili maana ya kupona. Ugwe uliokatika kabisa hauungi tena. Hata hivyo, pale sehemu ya nyuzi zake iliposalia, mazoezi ya kurudiarudia huweza kurejesha baadhi ya mijongeo, hasa katika miezi ya mwanzo. Asiyeweza kusimama tena naye hujifunza kujimudu kwa mikono. Kiswahili kimeihifadhi fikra hii katika neno kitimwendo: jina la chombo halitaji ulemavu, linataja mwendo.

Nchini Tanzania, huduma za utengamao zilijengeka kwanza katika miji mikubwa. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kikaanzishwa hapo mwaka 1981. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliyataja matibabu na utengamao kuwa haki.

Lugarawa ina Hospitali ya Mtakatifu Yohane, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, lakini taasisi hizo za rufaa ziko mbali. Kutoka Makambako pekee hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Kabla ya kipande cha Lusitu hadi Mawengi, cha kilomita 50, kujengwa kwa zege katika miaka ya karibuni, masika iliigeuza barabara ya Ludewa kuwa tope. Kwa majeruhi aliyeanguka kutoka mtini au kwenye bodaboda, kila mtikisiko wa safari uliweza kuongeza madhara. Na anaporudi nyumbani, kitimwendo kilichotengenezwa kwa sakafu ya saruji hukutana na miteremko, makorongo na vizingiti vya milango.

Hapo ndipo historia ya Stoke Mandeville inapoigusa Ludewa. Kumgeuza mgonjwa, kukagua ngozi, kusafisha mpira wa mkojo na kunyoosha viungo ni kazi zinazoweza kufundishwa kwa mama, mke au ndugu anayeuguza nyumbani. Barabara na taasisi ni za lazima, lakini hatima ya majeruhi huamuliwa pia usiku, na mtu anayeamka kumgeuza. Historia ya utengamao isiyomtaja mtu huyo humwacha nje mhusika wake mkuu.