Chernobyl 1986: iodini iliyofika Poland mapema kuliko vijijini

Kinu namba 4 cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986. Asubuhi watoto wa Pripyat, mji ulio kilomita 3 tu kutoka hapo, walienda shule kama kawaida. Mabasi karibu 1,200 yalikuja kuwahamisha kesho yake mchana. Wakaaji waliambiwa wabebe vitambulisho na chakula kidogo, kwa siku tatu. Hawakurudishwa tena.

Hata hivyo, wengi wa Pripyat walipewa vidonge vya iodini. Waliosahauliwa ni watu wa vijijini.

Kinu kikipasuka hutoa iodini yenye mionzi. Upepo unaibeba, inatua kwenye majani, ng'ombe wanakula, mtoto anakunywa maziwa, na iodini hiyo inakwenda kukaa katika tezi ya shingo. Mwili hauwezi kuitofautisha na ile inayotiwa ndani ya chumvi ya kupikia. Tezi ikijazwa mapema iodini safi, ile mbaya inakosa nafasi. Dawa hii ni rahisi, lakini ikichelewa haisaidii kitu.

Moscow haikuwaambia majirani zake. Tarehe 28 Aprili vipimo vya Poland kaskazini-mashariki vilionyesha mionzi imepanda. Siku hiyo hiyo Sweden nayo ikashtuka, na jioni tu ndipo Moscow ikatoa tangazo fupi. Wapoland hawakungoja maelezo zaidi. Tarehe 29 tume ya serikali ilikutana, na usiku huo wakaanza kuwanywesha watoto iodini iliyoyeyushwa kwenye maji. Kwa siku chache watoto zaidi ya milioni 10 walikuwa wamekunywa. Ng'ombe walizuiwa kula majani mabichi, watoto wadogo wakapewa maziwa ya unga. Ni kweli wingu lililofika kwao lilikuwa jepesi kuliko la Belarus, lakini siku ile nani angejua?

Upande wa Sovieti, mjini Kiev gwaride la Mei Mosi lilifanyika. Uamuzi wa kuhamisha watu wote wa eneo la kilomita 30 ulitoka tarehe 2 Mei. Vijiji vingi vilivyo mbali zaidi, Belarus na Ukraine, viliendelea kukamua na kunywa. Hadi mwaka 2005, kati ya waliokuwa watoto na vijana wakati ule katika Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi zilizoguswa, zaidi ya 6,000 walikuwa wamegunduliwa na kansa ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa ya kansa hizo ilitokana na maziwa yale.