Mbu kwa Herufi Nne

Mtaalamu wa maabara anapotazama damu ya mgonjwa wa malaria kwa hadubini huona picha iliyojaa mambo: chembe nyeupe zenye viini vya zambarau, vimelea vyenye umbo la pete, vijipunje vya rangi ya Giemsa vilivyoganda pembeni. Kwenye daftari huandika tarakimu moja tu. Huhesabu vimelea mpaka atimize chembe nyeupe 200, kisha huzidisha hesabu hiyo kwa 40, kwa kuwa imezoeleka kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Akiona vimelea 50, daftari litasema 2,000. Tarakimu ndiyo inayosafiri. Picha inabaki Ifakara, mji wa bonde la Kilombero nchini Tanzania, kwenye sanduku la vioo.

Kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya uhakika ya kutoa nje ya bonde hilo kile ambacho jicho lilikiona humo. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyeongoza Taasisi ya Tropiki ya Uswisi tangu ilipoanzishwa Basel mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949. Alikuta misheni ya Wakapuchini, hospitali yao, na bonde lenye kila kitu ambacho mtu wa fani yake angetamani kukichunguza: mbu, mbung'o, na papasi waenezao homa ya vipindi. Katikati ya miaka ya 1950 maabara ndogo ya taasisi hiyo ikasimama hapo. Ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, jina inalotumia tangu mwaka 2008.

Kufanya sayansi mahali pale kulitaka uvumilivu wa aina yake. Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge, na masika yakikolea mto Kilombero hufurika ukameza nyanda nzima. Reli ya TAZARA ilipita Ifakara katikati ya miaka ya 1970 na kuleta ahueni kubwa, lakini kwenda Ulanga, ng'ambo ya mto, mtu aliendelea kupanga foleni ya kivuko. Kivuko hicho kilizama Januari 2016 na kuua watu. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Katika mazingira hayo vioo vya damu vilivunjika, sampuli ziliharibiwa na joto, mizigo ilichelewa. Maneno na tarakimu vilipita.

Mfano mkubwa wa nguvu ya tarakimu ulianza Septemba 1996. Wahojaji wa kituo cha Ifakara waliandikisha wakazi wa vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kisha wakawa wanarudi nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama. Kaya ilipewa namba, na kila mtu akapewa namba yake. Wakati huohuo vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo: matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Uzazi, vifo na vyandarua vya bonde zima viliingia katika majedwali, na majedwali yakabadili namna serikali nyingi zilivyoviona vyandarua.

Lakini tarakimu ina upungufu wake. Inabana mno, na ikishabana haifunguki. Mtu aliye Basel au Dar es Salaam akitilia shaka ile 2,000, hawezi kuitumia kurudia kuona pete zilivyokaa kwenye damu. Lazima kioo chenyewe kitafutwe. Kilichohitajika ni njia ya kuipitisha picha yote, bila kupoteza hata nukta, katika barabara iliyojengwa kwa ajili ya maandishi tu.

Tatizo hilo halikuwa la Ifakara peke yake. Mitandao ya mwanzo ya kompyuta ilitengenezwa kubeba herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za uakifishi. Faili la picha ni mfululizo wa baiti, kila moja ikiwa na thamani kati ya 0 na 255, na nyingi kati ya thamani hizo hazina herufi yoyote. Zikitumwa zilivyo, kompyuta za njiani zilikata biti ya nane, zilibadili alama za mwisho wa mstari, au zilidhani baiti fulani ni amri. Picha ilifika imevurugika. Mwaka 1980, Mary Ann Horton wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu ya uuencode, iliyogeuza faili lolote kuwa mistari ya herufi za kawaida ambazo kompyuta za njiani hazikuwa na sababu ya kuzigusa. Upande wa pili programu nyingine ilirudisha faili kama lilivyokuwa.

Hatua iliyofuata ndiyo tunayoishi nayo hadi leo. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitunga kanuni za MIME, zilizoipa barua pepe uwezo wa kubeba viambatisho, na tarehe 11 Machi 1992 Borenstein alituma barua yenye picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne. Ndani ya kanuni hizo ilikuwamo mbinu iitwayo Base64. Inatumia herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu kumi, na alama za kujumlisha na mkwaju: jumla 64.

Inafaa kuifuata mbinu hiyo kwa mkono, na hakuna neno linalofaa zaidi kwa Ifakara kuliko mbu. Kwa kompyuta, herufi m, b na u ni baiti tatu: 109, 98 na 117. Zikiandikwa kwa sifuri na moja zinakuwa 01101101, 01100010 na 01110101, biti 24 kwa jumla. Base64 haizigawi biti hizo nanenane bali sitasita, hivyo yanapatikana mafungu manne: 011011, 010110, 001001 na 110101. Thamani zake ni 27, 22, 9 na 53. Ukizitafuta katika orodha ya alama 64, ukianza kuhesabu A kuwa sifuri, utapata b, W, J na 1. Mbu amekuwa bWJ1. Akifika anakokwenda, biti zinaunganishwa tena, na baiti zilezile tatu zinarudi bila pungufu wala ziada.

Bei yake inaonekana hapohapo: baiti tatu zimekuwa herufi nne. Kila kinachopita kwa Base64 huongezeka uzito kwa theluthi moja.

Afrika Mashariki ililipa bei ya namna hiyo mapema, na kwa njia nyembamba sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliunganishwa na vyuo vya Zambia na Zimbabwe kwa mtandao wa barua uliopita katika simu za kawaida. Shirika la SatelLife la Boston liliwahudumia waganga na watafiti, Watanzania wakiwamo, kwa setilaiti ndogo. Mojawapo, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Setilaiti hiyo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache, ikapokea barua na kushusha nyingine. Picha moja katika dakika hizo ingefukuza barua nyingi za watu waliokuwa wakisubiri majibu kuhusu wagonjwa. Haishangazi kwamba watumiaji walishikilia maandishi matupu.

Mambo yaligeuka baada ya watafiti wa malaria kukutana Dakar mwaka 1997 na kuanzisha ushirikiano wa kimataifa wa utafiti wa ugonjwa huo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilichukua jukumu la mawasiliano, na Ifakara ikawa miongoni mwa vituo vya Tanzania vilivyopatiwa intaneti ya dishi. Sasa mtafiti aliyeko kando ya Kilombero aliweza kufungua majarida na tovuti akiwa mezani pake. Ila setilaiti za dishi hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na hata kwa mwendo wa mwanga safari hizo nne hula karibu nusu sekunde. Ukurasa wenye alama ndogo 20, kila moja ikiwa faili lake, ulimaanisha maombi 20 ya namna hiyo. Yalikwenda machache kwa pamoja, mengine yakangoja zamu.

Hapo ndipo mbinu ya barua pepe ilipopata kazi ya pili. Agosti 1998 Larry Masinter alichapisha kanuni ya kuweka faili zima ndani ya anwani yake. Badala ya ukurasa kusema "nenda seva ukalete nembo", nembo yenyewe inaandikwa pale pale kwa Base64, ikitanguliwa na maneno kama data:image/png;base64. Kivinjari hakina haja ya kuuliza tena. Ilichukua muda kukubalika: Internet Explorer haikuikubali hadi toleo la 8 la mwaka 2009, tena kwa kikomo cha kilobaiti 32. Ila kwa mtu wa dishi, kuokoa nusu sekunde kwa kila alama ndogo kulistahili ile theluthi ya ziada mara nyingi.

Kisha zikaja picha za kisasa zilizobanwa zaidi. Google ilitangaza WebP Septemba 2010, na husema picha zake ni ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko za JPEG, kanuni ya mwaka 1992, kwa ubora unaolingana. Firefox iliikubali mwaka 2019 na Safari mwaka 2020. AVIF ilikamilishwa mwaka 2019 na mara nyingi hubana kupita WebP. Ukizigeuza kuwa maandishi, mwenye uzoefu huzitambua kwa herufi za mwanzo: PNG huanza na iVBOR, JPEG na /9j/, WebP na UklGR, na AVIF kwa kawaida na AAAA.

Hesabu ya hapa inapaswa kumgusa kila anayejenga tovuti kwa ajili ya wakazi wa Mlimba, Malinyi au Lupiro, bondeni Kilombero. Chukua picha ya JPEG ya kilobaiti 90. WebP ikipunguza asilimia 30, inabaki 63. Ukiibandika ndani ya ukurasa kwa Base64 inapanda hadi 84. Faida nyingi ya miaka ya kazi ya wahandisi imerudishwa kwa hatua moja. Seva inayobana maandishi kabla ya kuyatuma hurejesha sehemu kubwa ya ziada hiyo, lakini si seva zote zimepangwa hivyo. Tena kuna hasara nyingine isiyoponywa na kubana: faili la pekee huhifadhiwa na simu na kutumika tena kesho, ilhali picha iliyofumwa ndani ya ukurasa hushuka upya kila ukurasa unapoletwa tena. Mkulima wa mpunga anayefungua bei za soko kila asubuhi kwa bando la siku analipia nembo ileile kila asubuhi.

Na sababu iliyoihalalisha mbinu hiyo imedhoofika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasambaza nyaya kuelekea mikoani. Mwaka 2015 kanuni ya HTTP/2 iliruhusu faili nyingi kuombwa kwa pamoja katika muunganisho mmoja. Zile nusu sekunde za dishi zimegeuka sehemu ndogo ya sekunde. Hata hivyo wapo waundaji wa tovuti wanaoendelea kubandika picha kubwa kama maandishi kwa sababu waliwakuta wenzao wakifanya hivyo, na zana zao zinawafanyia bila kuwauliza. Ni mazoea yanayowagharimu watu wasio na uwezo wa kuyaona. Alama ya baiti mia chache ibandikwe, hakuna ubaya. Picha ya shamba, ya mtoto au ya daraja iachwe iwe faili.

Ipo kazi moja ambamo picha ya maandishi bado haina mshindani, nayo inawahusu moja kwa moja watafiti. Takwimu za afya siku hizi huchambuliwa sana kwa lugha ya programu iitwayo R, Ifakara kukiwamo. Tangu miaka ya 2010 zana zake za kuandalia ripoti hutoa ukurasa mmoja wa wavuti ambamo kila grafu na ramani imeshonwa kwa Base64, na huo ndio mpangilio wa kawaida pasipo mwandishi kuomba. Hakuna folda ya picha ya kusahau nyuma. Ripoti inanakiliwa kwenye flashi, inatumwa kwa WhatsApp au barua pepe, na ofisa wa afya ng'ambo ya mto huifungua kwa kivinjari chochote, mtandao ukiwepo au usiwepo. Ramani ya kilobaiti 60 huongeza 80 kwenye ripoti hiyo, mpokeaji huipakua mara moja, na huifungua tena kadiri apendavyo bila kutumia bando.